Godfrey Thomson, mwalimu aliyepima akili za watoto wa taifa zima

JUMATANO ya Juni 1, 1932, shule za Scotland zilifanya jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyokuwa imelifanya. Karibu kila mtoto aliyezaliwa mwaka 1921, na ambaye alihudhuria shule siku hiyo, aliwekewa mezani karatasi moja ya maswali na kupewa dakika 45 za kuyajibu. Idadi ya watoto waliofanya mtihani huo ilikuwa 87,498.

Mtihani haukuwa wa kupanda darasa wala wa kupata cheti. Ulikusudiwa kupima uwezo wa kufikiri: kufuata maelekezo, kutambua maneno yenye maana zinazopingana, kupanga sentensi zilizovurugwa, kufumbua maandishi ya siri na kukokotoa hesabu fupi. Alama zikaandikwa katika leja, na leja zikawekwa kabatini.

Nyuma ya karatasi hiyo alikuwapo Profesa Godfrey Thomson, mtu ambaye jina lake lilifahamika kwa walimu wa Uingereza nzima katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Alikuwa akitafuta njia ya kuwatambua watoto wenye vipaji, hasa wale waliozaliwa katika nyumba zisizo na kitu. Alifariki dunia mwaka 1955 akiamini kwamba kazi yake ilihusu watoto.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, leja zile zilifufuliwa na kuanza kujibu swali jingine kabisa: kwa nini baadhi ya wazee wenye afya njema hubaki na akili nyepesi hadi umri wa miaka 80, ilhali wenzao wa rika moja hupungukiwa? Je, ni damu waliyorithi, au ni maisha waliyoishi?

Mtoto wa mama

Godfrey Hilton Thomson alizaliwa Machi 27, 1881, katika mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. Alikuwa bado mchanga wazazi wake walipotengana. Mama yake alihamia naye Felling, mji mdogo wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya kemikali kando ya mto Tyne, na huko akamlea bila msaada wa baba.

Felling haikuwa mahali pa kutarajia kupata profesa. Mtoto wa kiume wa mji ule, akishamaliza shule ya msingi, aliingia mgodini au kiwandani. Elimu ya sekondari ililipiwa ada, na ada ilikuwa mlima kwa mwanamke aliyelea mtoto peke yake.

Njia ya Thomson ilifunguliwa na mtihani. Akiwa na umri wa miaka 13 alishinda nafasi ya ufadhili katika shule ya Rutherford College, mjini Newcastle. Baadaye alirudi Felling kuwa mwalimu mwanafunzi, utaratibu wa siku hizo uliomwezesha kijana maskini kufundisha wadogo zake huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma.

Ufadhili mwingine, safari hii wa serikali, ulimwingiza katika chuo cha sayansi cha Newcastle ambacho baadaye kilijulikana kama Armstrong College. Alihitimu mwaka 1903 katika hisabati na fizikia, kisha akavuka bahari hadi Strasbourg, mji uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani.

Huko alisoma chini ya Ferdinand Braun, mwanafizikia ambaye mwaka 1909 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Guglielmo Marconi kwa kazi yao juu ya mawasiliano ya redio. Thomson alipata shahada ya udaktari mwaka 1906 kwa sifa ya juu kabisa.

Hadi hapo alikuwa mwanafizikia kamili. Lakini elimu yake ilikuwa na deni. Ufadhili wa serikali ulitolewa kwa masharti kwamba anayeupokea atatumikia ualimu, na Thomson alirudi Newcastle kulilipa deni hilo. Alipewa kazi ya kuwafundisha wanaojiandaa kuwa walimu, na kazi hiyo ikamtaka afahamu saikolojia.

Mtu aliyekuja kwenye saikolojia kwa sababu ya mkataba akaishia kuifanya kazi ya maisha yake. Mwaka 1912 alimwoa Jennie Hutchinson, na katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Ubishi wa dadu

Wakati Thomson anaingia katika fani hiyo, jina kubwa lilikuwa la Charles Spearman, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza aliyegeuka kuwa mwanasaikolojia mjini London. Mwaka 1904, Spearman alikuwa ameonyesha kwamba mtoto anayefanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri na katika mengine. Akahitimisha kwamba nyuma ya vipaji vyote ipo akili moja ya jumla, kama mtambo mmoja unaoendesha mashine nyingi.

Thomson aliichukua hoja hiyo kwa jicho la mtu wa hisabati. Mwaka 1916 alichapisha makala iliyomtia Spearman tumbo joto. Alitumia dadu. Alitunga mitihani ya kubuni ambayo alama zake zilipatikana kwa kurusha dadu nyingi, baadhi zikichangiwa na mitihani zaidi ya mmoja. Hapakuwa na akili ya jumla ndani ya dadu. Hata hivyo matokeo yake yalipangika kwa namna ileile ambayo Spearman aliiona kwa watoto.

Maana yake ilikuwa nzito. Kama dadu zinaweza kutoa mpangilio ule, basi mpangilio wenyewe si ushahidi wa kuwapo kwa mtambo mmoja. Thomson akapendekeza kwamba akili ni mkusanyiko wa viungo vidogo vidogo vingi mno, na kila swali linaloulizwa huchota sehemu tu ya viungo hivyo. Maswali mawili yakichota viungo vinavyofanana, alama zake huenda pamoja.

Ubishi wa wanaume hao wawili ulidumu miongo karibu mitatu, hadi Spearman alipofariki mwaka 1945. Haukumpata mshindi. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Uingereza waliuchambua upya kwa takwimu za kisasa na kuonyesha kwamba hoja ya Thomson ilikuwa bado hai.

Kuwasaka watoto wa vijijini

Wakati ubishi huo ukiendelea katika majarida, kazi ya vitendo ilimfuata Thomson mlangoni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maofisa wa elimu wa kaunti ya Northumberland waligundua jambo lililowasumbua. Nafasi za bure za sekondari zilikuwapo, lakini shule nyingi za vijijini hazikuwa zikileta hata mtahiniwa mmoja.

Je, ilikuwa kweli kwamba vijiji hivyo havikuwa na watoto wenye akili? Au mitihani ya kawaida, iliyopima yale aliyofundishwa mtoto, iliwapa ushindi waliosoma katika shule bora na kuwaacha wengine gizani?

Thomson alitunga mtihani wa aina nyingine, uliotegemea zaidi uwezo wa kufikiri kuliko masomo ya darasani. Mwaka 1921 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa, na mitihani ya Northumberland ikawa mfano kwa mamlaka nyingine za elimu. Kwake jambo hilo lilikuwa la haki. Mtoto wa mchimba makaa, kama alivyokuwa mtoto wa Felling, asikose shule kwa sababu tu mwalimu wake hakuwahi kumfikiria.

Mwaka 1925, baada ya mwaka mmoja wa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, aliitwa Edinburgh. Alikabidhiwa vyeo viwili kwa pamoja: uprofesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na uongozi wa chuo cha ualimu cha Moray House. Alivishika vyote hadi mwaka 1951.

Kutoka chumba chake cha kazi ilitoka mitihani iliyobeba jina la Moray House, ikanunuliwa na mamlaka za elimu England na Wales, na kufanywa na mamilioni ya watoto. Thomson angeweza kuwa tajiri. Badala yake alikataa kuchukua mrabaha, na mapato yakaelekezwa kwenye utafiti.

Hofu ya taifa kupumbaa

Mtihani wa mwaka 1932 ulifanywa chini ya Baraza la Utafiti wa Elimu la Scotland. Lengo la awali lilikuwa kupata picha ya taifa: watoto wangapi wana uwezo wa juu, wangapi wa kati, na wangapi watahitaji msaada maalumu.

Lakini miaka ile ilikuwa na kivuli chake. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, wasomi wengi waliamini kwamba akili hurithiwa kama rangi ya macho, na kwamba maskini, kwa kuzaa watoto wengi, walikuwa wakilishusha taifa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo walivyoona. Wafuasi wa fikra hizo walitaka serikali ziamue nani azae na nani asizae, na mahali pengine walipewa walichotaka.

Thomson hakuwa nje kabisa ya wimbi hilo. Utafiti wake mwenyewe ulionyesha kwamba watoto wa familia kubwa walipata, kwa wastani, alama za chini kidogo, na jambo hilo lilimtia wasiwasi. Mwaka 1946 alitoa mhadhara juu ya mwelekeo wa akili ya taifa mbele ya chama cha wale waliojiita waboreshaji wa vizazi, mhadhara uliobeba jina la Francis Galton, mwasisi wa fikra hizo.

Tofauti yake ni kwamba alikubali hofu hiyo ipimwe. Juni 4, 1947, Scotland ilirudia mtihani uleule, safari hii kwa watoto waliozaliwa mwaka 1936. Watoto 70,805 walifanya. Kama wenye hofu walikuwa sahihi, wastani ungekuwa umeshuka.

Haukushuka. Mwaka 1932 wastani ulikuwa alama 34.5 kati ya 76. Mwaka 1947 ulikuwa 36.7. Katika miaka 15 iliyokuwa na mdororo wa uchumi, vita kuu na chakula cha mgawo, watoto wa Scotland walikuwa wamepanda badala ya kushuka.

Ripoti ilichapishwa mwaka 1949. Sababu za kupanda huko zilijadiliwa kwa muda mrefu, kuanzia afya bora hadi mazoea ya watoto na mitihani ya aina hiyo. Lakini utabiri wa taifa linalopumbaa kwa sababu ya uzazi wa maskini ulikuwa umewekwa kwenye mizani na kuonekana mwepesi.

Mwaka huohuo wa 1949 Thomson alitunukiwa hadhi ya Sir.

Mlango na ukuta

Sifa hizo hazikuzuia lawama. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ya England na Wales ilifanya elimu ya sekondari kuwa ya bure, lakini watoto wakaanza kugawanywa wakiwa na umri wa miaka 11. Wachache walipelekwa shule zilizoelekea chuo kikuu. Walio wengi walipelekwa kwingine, na aghalabu mlango haukufunguka tena. Karatasi za Moray House zilikuwa miongoni mwa zana zilizotumika katika mgawanyo huo.

Hapo ndipo ilipo kinaya ya maisha ya Thomson. Alibuni mtihani ili kumfungulia mlango mtoto aliyesahauliwa, na mtihani huohuo ukawa ukuta kwa maelfu ya watoto wengine. Mzazi yeyote aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani wa mchujo anaifahamu hofu iliyotanda katika nyumba za England kila mwaka.

Hata hivyo maandishi yake yanaonyesha kwamba mgawanyo huo haukuwa chaguo lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1929 juu ya falsafa ya elimu, aliunga mkono shule moja ya sekondari kwa watoto wote wa eneo, ya namna aliyoiona Marekani. Mtihani, kwake, ulikuwa njia ya kupunguza dhuluma pale ambapo nafasi ni chache. Haukuwa sababu ya kuzifanya nafasi ziwe chache.

Alistaafu mwaka 1951. Sir Godfrey Thomson alifariki dunia Februari 9, 1955, mjini Edinburgh, akiwa na umri wa miaka 73. Kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1969. Kufikia wakati huo mitihani ya akili ilikuwa imeanza kuchukiwa, na jina lake likafifia pamoja nayo.

Leja zafufuka

Leja za mwaka 1932 na 1947 zilikaa katika hifadhi ya Baraza la Utafiti wa Elimu la Scotland. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Profesa Lawrence Whalley wa Chuo Kikuu cha Aberdeen na Profesa Ian Deary wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walizifuatilia na kuzikuta zikiwa bado zinasomeka, zikiwa na majina, shule na alama.

Waliokuwa watoto mwaka 1932 sasa walikuwa na umri wa karibu miaka 77. Watafiti waliona mara moja thamani ya walichokishika. Mzee anapopimwa akili na kupata alama ndogo, daktari hawezi kujua kama ameporomoka au kama ndivyo alivyokuwa siku zote. Leja za Thomson zilitoa kitu ambacho hakinunuliki: kipimo cha mtu huyohuyo alipokuwa mtoto, kabla ya maradhi, kabla ya kazi, kabla ya sigara na pombe.

Juni 1, 1998, miaka 66 kamili baada ya mtihani wa kwanza, kundi la wazee lilikusanyika katika ukumbi mjini Aberdeen na kupewa karatasi ileile, kwa dakika zilezile 45. Wengine walipimwa baadaye, na jumla yao ikawa 101. Kwa wastani, wazee walipata alama za juu kuliko walizopata wakiwa na miaka 11.

Lililovutia zaidi ni mpangilio. Aliyekuwa mbele utotoni alielekea kuwa mbele uzeeni, ingawa si kila mara. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba tofauti za akili za utotoni hueleza karibu nusu ya tofauti zinazoonekana miongoni mwa wazee.

Nusu ya pili ndiyo iliyobaki kuwa kitendawili. Kuna waliopanda ngazi katika miaka 66, na kuna walioshuka. Nini kiliwapandisha, na nini kiliwashusha?

Kuitafuta siri ndani ya damu

Ili kujibu, watafiti wa Edinburgh waliunda makundi mawili ya wazee wa eneo la Lothian, linalozunguka jiji hilo. La kwanza lilikuwa la watu 550 waliozaliwa mwaka 1921. La pili, lililoanza kupimwa mwaka 2004, lilikuwa la watu 1,091 waliozaliwa mwaka 1936. Wengi wao walikuwa wamefanya mtihani wa Thomson. Walipimwa kumbukumbu, kasi ya kufikiri, mapafu na misuli, wakatoa damu ili vinasaba vyao vichunguzwe, na wengi wa kundi la pili wakapigwa picha za ubongo.

Kinasaba cha kwanza kutazamwa kwa makini kilikuwa APOE, kinachotoa maelekezo ya kutengeneza protini inayobeba mafuta mwilini na katika ubongo. Kinasaba hiki kina sura tatu, na mojawapo, inayoitwa e4, ilikuwa tayari imehusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Swali lilikuwa kama e4 inawagusa pia wazee ambao hawana ugonjwa huo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Nature, yakihusu watu 466 ambao hawakuwa na ugonjwa wa kupoteza akili. Walipokuwa na umri wa miaka 11, wenye e4 na wasio nayo hawakutofautiana kwa lolote. Walipofika karibu miaka 80, wenye e4 walikuwa wameachwa nyuma. Kinasaba kilekile kilikaa kimya utotoni na kuanza kusema uzeeni.

Bila alama za mwaka 1932 jambo hilo lisingejulikana kwa uhakika huo. Mtafiti angeona tu wazee wenye alama za chini, na angeweza kudhani kwamba walizaliwa hivyo.

Mwaka 2012 hatua nyingine ilipigwa. Watafiti walichunguza vinasaba vya watu 1,940 wasio ndugu, wakilinganisha akili zao za utotoni na za uzeeni. Waliona kwamba vinasaba vinavyosaidia akili ya mtoto ni vilevile kwa sehemu kubwa vinavyosaidia akili ya mzee. Lakini walipotazama mabadiliko yaliyotokea kati ya utoto na uzee, vinasaba vilikadiriwa kueleza takribani asilimia 24 ya tofauti kati ya mtu na mtu, makadirio ambayo wao wenyewe walisema yana ukingo mpana wa makosa.

Asilimia hiyo huleta mkanganyiko kwa urahisi. Haina maana kwamba robo ya akili ya mzee mmoja imetoka kwa wazazi wake. Ina maana kwamba, ukichukua wazee wengi na kuuliza kwa nini huyu ameshuka zaidi ya yule, takribani robo ya tofauti hizo inaweza kuhusishwa na vinasaba. Sehemu kubwa iliyosalia hutokana na mambo mengine, yakiwamo maisha, maradhi, bahati na kasoro za vipimo.

Miongoni mwa mambo hayo, tafiti za Lothian zilionyesha kwamba wavutaji sigara walielekea kufanya vibaya zaidi, na wenye siha nzuri ya mwili walielekea kufanya vizuri zaidi. Hakuna hata moja lililokuwa na nguvu kubwa peke yake. Kila moja lilichangia kidogo, na mengi yakijumlishwa ndipo tofauti inapoonekana.

Vivyo hivyo kwa vinasaba. Ukiacha APOE, wanasayansi hawakupata kinasaba kimoja cha akili. Walikuta vingi mno, kila kimoja kikiwa na mchango mdogo sana. Thomson hakuwa akizungumzia vinasaba aliporusha dadu zake mwaka 1916, lakini mtu aliyefikiria akili kama mkusanyiko wa vitu vidogo vingi asingeshangazwa na picha hiyo.

Tahadhari kwa Afrika

Matokeo ya Scotland hayawezi kuhamishwa kama yalivyo hadi Afrika. Wazee wa Lothian walikuwa karibu wote ni wenye asili ya Ulaya, waliosoma katika mfumo mmoja na kuishi katika mazingira yanayofanana. Utafiti wa muda mrefu uliofanywa miongoni mwa wazee wa Kiyoruba mjini Ibadan, Nigeria, ulionyesha kwamba e4, iliyo ya kawaida katika jamii hiyo, ina uhusiano dhaifu zaidi na ugonjwa wa Alzheimer kuliko ilivyoonekana Ulaya na Marekani.

Kinasaba kimoja, nchi mbili, hatima tofauti. Hilo ni onyo kwa yeyote atakayetaka kusoma uzee wa mtu katika tone la damu. Ni onyo pia dhidi ya fikra zilezile zilizolitia hofu taifa la Scotland miaka ya 1930, kwamba kuna familia au jamii zilizoandikiwa kupumbaa.

Zipo jamaa ambamo bibi, akiwa na miaka 85, bado anakumbuka nasaba ya ukoo mzima na madeni ya kila duka, huku mdogo wake akisahau majina ya wajukuu. Mara nyingi wanajamaa huhitimisha kwamba mmoja alirithi kichwa cha baba na mwingine hakurithi. Leja za Thomson zinasema kwamba urithi upo, lakini si hukumu. Zinasema pia kwamba kabla ya kumwita mzee aliyeporomoka, ni haki kuuliza alikuwa nani alipokuwa mtoto.

Si watoto wote 87,498 wa mwaka 1932 waliofika uzeeni. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwachukua baadhi yao, maradhi yakawachukua wengine. Uchunguzi wa waliosoma Aberdeen, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba hata kufika miaka 76 kulihusiana na alama za siku ile: waliopata alama za juu walielekea kuishi zaidi. Watafiti walitaja umaskini, kazi za hatari na uelewa wa mambo ya afya miongoni mwa maelezo yanayowezekana.

Thomson alifariki akiwa hajui lolote kati ya hayo. Umbo la kinasaba la nyuzi mbili zilizosokotana lilikuwa limetambuliwa mwaka 1953, miaka miwili tu kabla ya kifo chake. Alichokiacha kilikuwa rahisi zaidi na adimu zaidi: swali moja lililoulizwa kwa watoto wote, siku moja, bila kujali baba zao ni nani, na majibu yaliyotunzwa kwa uaminifu hadi akatokea mtu wa kuyasoma.